Kamba ya Mbuzi Ilishikwa Mara Tatu

Evelina alikuwa anapiga pasi majoho ya kwaya katika chumba chake cha cherehani pale Miyuji, baba yake mdogo Yoramu alipoingia akiwa na vumbi la Hombolo hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Na hongera."

"Hongera ya nini tena?"

"Ya uchumba. Wazee walikaa jana wakaona neno limeshapita. Wewe ni mchumba wa mtu."

Evelina aliirudisha pasi ya mkaa juu ya kibati chake. Alidhani ni utani, kwa maana Yoramu alikuwa mtu wa utani hata msibani. Lakini safari hii mzee hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa, akaanza kujipangusa vumbi kwa kofia yake.

"Mchumba wa nani?"

"Wa Ludovick."

"Baba mdogo! Ludovick hayupo!"

"Hapo ndipo penye kazi," alisema Yoramu.

Na kweli, Ludovick hakuwapo. Hakuwahi kuzaliwa. Alikuwa jina tu katika daftari la Gaudence, yule mwongozaji wa michezo ya televisheni aliyekuja Dodoma kutoka Dar es Salaam na kamera moja, gari moja na watu wanne. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Vituo vya televisheni vya watu binafsi vilikuwa vimeanza kutafuta michezo ya nyumbani, na Gaudence alitaka kutengeneza mchezo wa binti wa mkulima wa zabibu. Alimwajiri Evelina kutunza nguo za waigizaji. Kwa mwezi mzima Evelina alishona, akafua, akakumbuka nani alikuwa amefunga kifungo gani jana, ili leo aonekane vilevile.

Siku ya kupiga picha za posa, nyumbani kwa baba yake Hombolo, Aneth, mwigizaji wa yule binti, aliamka na malaria. Gaudence alimtazama Evelina, akamwambia, "Kaa wewe pale." Evelina akakaa. Kisha Gaudence akawageukia wazee wa ukoo, aliowaomba wakae mkekani kama siku ya posa ya kweli, akawaambia, "Wazee wangu, msiigize. Fanyeni vile mnavyofanya siku zote."

Wazee wakafanya vile wanavyofanya siku zote. Mzee Matonya, baba yake Evelina, aliambiwa amwite binti kwa jina la kwenye daftari. Akakataa. Alisema hawezi kumwita mtoto wake aliyemzaa jina la mtoto wa mtu mwingine. Akasema, "Evelina binti yangu, nimempa Ludovick," akaishika kamba ya mbuzi aliyeletwa na upande wa mume. Gaudence akasema, "Kata! Upepo umeharibu sauti, turudie." Wakarudia. Akasema tena, "Kata, upepo." Wakarudia mara ya tatu. Walipomaliza, Gaudence kwa shukrani akawaachia wazee yule mbuzi, nao wakamla jioni ileile.

"Lakini baba anajua ule ulikuwa mchezo," alisema Evelina.

"Anajua sana. Anasema, 'Niliambiwa nisiigize, sikuigiza. Mimi ni mzee wa kanisa, neno langu ni moja. Nimetaja mwanangu, nimeshika kamba, mbuzi tumemla. Nikisema leo nilikuwa natania, kesho wakija wengine kunitolea posa wataamini neno langu lipi?' Na wazee wote wamemwunga mkono. Mara tatu, Evelina! Hata mama yako alitolewa neno mara moja tu."

"Na mnataka niolewe na daftari?"

"Tunataka neno livunjwe. Jumamosi asubuhi. Waliolileta waje mbele ya wazee walewale, warudishe mbuzi, waseme hatumtaki tena. Mara tatu, kama lilivyofungwa. Hapo utakuwa huru."

"Nani aseme?"

"Mwenye maneno. Yule mwongozaji wako."

"Si wangu."

"Haya, wa serikali." Yoramu alisimama, akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Ila unajua utaratibu wa kwetu. Mtu aliyetamka 'simtaki' mbele ya wazee, mlango huo kwake umefungwa. Hawezi kurudi keshokutwa kumtaka. Sasa sijui kama hilo linamhusu mtu yeyote."

Evelina aliishika pasi na kuanza kunyoosha joho ambalo lilikuwa limeshanyooka. Yoramu alimtazama kitambo, kisha akaenda zake.

Mchana huo Evelina alifunga chumba, akapiga magoti kando ya cherehani. Hakuwa na sala ndefu. "Mungu wangu," alisema, "sikuombi unipe. Nakuomba unionyeshe. Mtu huyu nimemtazama mwezi mzima na bado sijui ndani yake mna nini. Nionyeshe, hata kama nitaumia." Akajifunga khanga yake, akaenda mjini.

Gaudence alikuwa katika nyumba ya wageni karibu na stesheni ya reli. Alikuwa ameuacha mlango wazi ili joto litoke, naye amekaa mbele ya televisheni ndogo huku daftari likiwa magotini. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja anaposikiliza. Alipomwona Evelina alisimama haraka hata kalamu ikaanguka.

"Karibu. Kuna nguo imepotea?"

"Nguo zipo zote. Mimi ndiye niliyepotea."

Akamweleza, mwanzo hadi mwisho, hata lile la mlango kufungwa. Alidhani Gaudence atacheka, kama watu wa Dar wanavyocheka mambo ya vijijini. Hakucheka. Alikaa polepole ukingoni mwa kitanda, akamwashiria Evelina kiti.

"Ni kosa langu," alisema. "Niliwaambia wasiigize. Nilifikiri namwongoza mzee wako, kumbe yeye alikuwa anatoa mtoto."

"Kwa nini uliwaambia hivyo? Wenzako si wanawafundisha watu kulia kwa vitunguu?"

"Unataka kujua kweli?"

"Nataka kujua tangu siku ya kwanza. Kazi yako hasa ni ipi? Kamera anashika Iddy. Kuigiza anaigiza Fredy. Gari anaendesha Marko. Wewe unasimama tu, unatazama. Nimejiuliza mwezi mzima: mtu analipwaje kwa kutazama?"

Gaudence alicheka kidogo.

"Nilianza kwenye gari la sinema," alisema. "Zamani, lile lililokuwa likizunguka vijijini na filamu za kilimo na afya. Nilikuwa nabeba nyaya. Kila jioni filamu ileile, ya mtu anayechemsha maji ya kunywa. Nikachoka kuitazama. Nikahamia upande wa pili, nikawa natazama watu. Bibi mmoja kule Kondoa alimwonea huruma mtoto wa kwenye filamu, akavua khanga yake ya mabegani akamnyooshea. Kumbe ananyooshea turubai la kuonyeshea sinema! Nikasema, mimi nataka kazi ya kumfanya mtu anyooshe mkono namna ile."

"Halafu?"

"Magari yakaegeshwa, kazi ikaisha. Nikanunua kamera ya mitumba, nikawa napiga picha za harusi Dar. Miaka sita. Huwezi kumwambia mama wa bibi harusi, 'Mama, lia tena, sikukupata vizuri.' Analia mara moja tu. Ukikosa, umekosa. Kwa hiyo nikajifunza kusubiri. Basi, Evelina, hiyo ndiyo kazi yangu. Kusubiri kitu cha kweli kipite, na kuwa tayari kinapopita."

Evelina alimtazama mikono. Ilikuwa mikubwa, yenye alama ya zamani ya kuungua. Alitaka kuuliza ilikuwaje, lakini akauliza jingine.

"Baba anakuita mtu anayelipwa kwa kuwaliza watu bila msiba. Alimwambia mama hivyo siku ya kwanza ulipokuja kuomba uwanja."

"Na wewe unaniitaje?"

"Mimi bado nauliza."

Gaudence aliinuka, akatia mkanda katika mashine. "Njoo uone kitu."

Kwenye kioo kidogo ukatokea ua wa nyumba yao Hombolo. Evelina alimwona baba yake, mdogo kama kidole lakini yeye kabisa, akiwa na mkunjo wake kati ya nyusi. Akamsikia akiuliza, "Evelina, wageni hawa unawafahamu?" Akajiona mwenyewe amepiga magoti, amevaa kitenge alichokishona kwa mkono wake. "Nawafahamu, baba," alisema yule Evelina wa kwenye kioo. Lakini macho yake hayakuwa kwa Fredy aliyekuwa Ludovick, wala kwa mshenga. Yalikuwa yamekwenda pembeni, juu kidogo ya kamera.

"Hapo alikuwa amesimama nani?" aliuliza Evelina, ingawa alijua.

"Mara ya pili," alisema Gaudence.

Ikatokea mara ya pili. Macho yalikwenda palepale. Mara ya tatu yalikwenda palepale, na safari hii yalichelewa kurudi.

Evelina alishika shavu. Uso ulikuwa unawaka.

"Ulisema ni upepo."

"Siku ile hapakuwa na upepo. Zabibu hazikutikisika jani." Gaudence alizima televisheni. "Mara ya kwanza nilikatisha kwa sababu ya kazi, kwa kuwa ulitazama pasipotakiwa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, Mungu anisamehe, nilitaka tu kuona kama utafanya tena."

Nje treni ya mizigo ilikuwa inapangwa, mabehewa yakigongana moja baada ya jingine. Walingoja hadi kelele ikapita, na ilipopita kila mmoja alikuwa amesahau alichotaka kusema.

"Jumamosi nitakuja," alisema Gaudence mwishowe. "Nitasema wanachotaka niseme. Huwezi kukaa umefungwa kwa mtu niliyemwandika kwa kalamu."

"Hata kama mlango utafungwa?"

"Wewe uwe huru kwanza."

Evelina aliondoka akiwa amelipata jibu zuri, na hakulipenda hata kidogo. Njia nzima alijiuliza ni wema au ni wepesi. Mtu anayekuachia kirahisi hivyo, alikuwa amekushika?

Jumamosi asubuhi wazee watano walikuwa wamekwisha kukaa kwenye vigoda uani kwa Mzee Matonya. Mama Loisi, mama yake Evelina, alikuwa jikoni na moto wake, mlango akiuacha wazi makusudi. Gari la Gaudence liliingia na mbuzi nyuma, dume jeupe lenye kiburi, akishikwa pembe na Fredy. Masanduku ya nguo yalikuwa bado garini, kwa maana kesho yake walikuwa wanarudi Dar.

"Mbukwa," alisalimia Gaudence kwa Kigogo, akiinama. Akaendelea kwa Kiswahili, "Shikamooni wazee."

"Marahaba," waliitikia. Mzee Matonya alimkagua mbuzi mdomoni na mgongoni kama mtu anayenunua. Akaridhika. Akamfunga kwenye nguzo.

"Kijana," alisema, "sikukuita kukuonea. Uliniambia nisiigize, nikakutii. Sasa nawe usiigize. Simama hapo, useme mbele ya wazee hawa kwamba binti yangu hamumtaki tena. Mara tatu. Ukimaliza, chukua njia yako na mashine zako, tusidaiane neno."

Evelina alikuwa amekaa mkekani, palepale alipokaa siku ile. Bwana, sasa ndiyo nionyeshe, alisema ndani kwa ndani.

Gaudence alisimama katikati ya ua. Alivua kofia. Alikohoa.

"Wazee wangu," alianza. "Mimi Gaudence, niliyeleta maneno ya posa katika nyumba hii, leo nasema kwamba..."

Akanyamaza.

"Tunakusikia," alisema Yoramu.

"Nasema kwamba binti huyu, Evelina, sisi ha..."

Akanyamaza tena. Aliikunja kofia, akaikunjua. Jasho lilimtoka, ingawa jua lilikuwa bado la asubuhi. Fredy, aliyezoea kukaripiwa na mtu huyu kwa kusahau sentensi moja, alikuwa ameachama.

"Ni neno moja tu," alisema Mzee Matonya. "Mimi ulinisemesha mara tatu kichwa kikiungua jua. Wewe hata moja?"

"Siwezi, mzee."

"Huwezi nini?"

"Kulisema. Nilifikiri nitaweza, njia nzima nimelirudia garini, Fredy ni shahidi. Wewe siku ile ulisema kweli, mzee, ndiyo maana lilitoka. Mimi nikisema simtaki nitakuwa nasema uongo mbele ya wazee, na mbele yake." Hakumtazama Evelina. "Sikuja kuomba kitu. Najua unavyoiona kazi yangu. Lakini hilo neno halitoki."

Jikoni sufuria ilifunikwa taratibu sana, kama inafunikwa na mtu anayesikiliza.

"Basi mmeniletea fumbo," alisema Mzee Matonya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia hasira na kitu kingine. "Usiposema, mwanangu anabaki mali ya mtu asiyekuwapo. Atazeeka hapa akimngoja Ludovick!"

Hapo Evelina alisimama. Hakuwa amepanga kusimama. Katika ukoo wao binti hakusimama kwenye kikao kama hicho, lakini mwezi mzima alikuwa amefanya kazi ya kuona kilichokaa mahali pasipo pake, na sasa alikiona.

"Baba, naomba niseme."

Wazee walitazamana. "Sema," alisema Yoramu, kabla mwingine hajakataa.

"Siku ile ulisema, 'Nimempa Ludovick.' Hukusema Gaudence. Sasa kwa nini mnamwuliza mtu ambaye hamkumpa? Aliyenitaka ndiye aseme hanitaki. Mwiteni Ludovick."

"Yuko wapi?"

"Yupo garini, ndani ya sanduku."

Akaenda kwenye gari, akafungua sanduku la nguo, akatoa koti la kahawia la Ludovick. Akamvika Fredy, akamfunga kifungo cha pili na kuacha cha kwanza wazi, kwa kuwa siku ya posa kilikuwa wazi. Akampandisha kola. Akarudi nyuma kumtazama. "Ndiye," alisema.

Na Fredy, yule Fredy mtani, aliyekuwa anapiga miluzi njia nzima, alibadilika mbele ya macho yao. Mabega yalishuka. Alikwenda mpaka mbele ya Mzee Matonya, akapiga goti moja.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni Ludovick. Nilikuja hapa kwa moyo mweupe nikamwomba binti yako, ukanipa. Lakini sina pa kumweka. Sina nyumba. Sina baba wala mama. Hata jina langu niliandikiwa na mtu. Simtaki, baba. Si kwa upungufu wake, ni kwa upungufu wangu."

Mzee mmoja aligeuza uso. Fredy alilisema mara ya pili, sauti ikimkwama. Mara ya tatu machozi mawili yalishuka kabisa, yakafika kidevuni, na yule mzee akatoa leso.

"Pole, kijana," alisema Mzee Matonya, naye sauti imelegea. "Pole sana. Mungu atakufungulia mahali pengine."

Fredy alinyanyuka, akalivua koti, akafuta uso kwa kiganja. "Ilikuwaje, bosi?" alimwuliza Gaudence. "Turudie?"

"Usirudie!" walipiga kelele wazee wote kwa pamoja.

Jikoni Mama Loisi aliangua kicheko kwanza, kisha Yoramu, kisha ua mzima. Hata Gaudence alicheka, akijifunika uso kwa kofia aliyokuwa ameikunja mpaka haina umbo. Mzee Matonya peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mwongozaji kwa makini, kama alivyomkagua mbuzi.

Wazee walipoanza kuinuka kunyoosha miguu, Evelina alikwenda hadi alipokuwa amesimama Gaudence. Hawakugusana. Macho ya watu yalikuwa mengi.

"Umeigiza vibaya sana," alimwambia.

"Najua."

"Sentensi moja tu, na ulikuwa na siku mbili za kuikariri."

"Evelina, nilipofika kwenye 'ha' niliona nikimaliza neno hilo, nitakuwa nakutazama kwenye mkanda tu maisha yangu yote." Sasa alimtazama. "Sikuweza."

Evelina alikuwa na maswali mengine mengi. Alama ya kuungua mkononi ilitoka wapi, na kwao ni wapi hasa, na je, mtu anayejua kusubiri anaweza kusubiri mwaka mzima? Lakini lile moja alilopeleka kwa Mungu lilikuwa limejibiwa, na aliogopa hata kupumua asije akalipeperusha.

"Evelina!" aliita baba yake.

"Abee, baba."

Mzee Matonya alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, birika la maji mkononi, na mkunjo wake uleule kati ya nyusi.

"Huyo Ludovick alivyotulia akatudanganya, nimeogopa. Mtu wa namna hiyo mpe chakula, lakini usimpe mtoto." Akaliinua birika kidogo. "Mama yako ameshasonga ugali. Mwambie yule asiyejua kusema uongo aje anawe mikono."